Zege la juu linameguka na nondo zinaonekana: nipige lipu au nibomoe?

"Shikamoo mhandisi. Tunaishi Kigamboni, kama mita mia nne kutoka baharini, kwenye nyumba ya ghorofa moja aliyojenga marehemu baba mwaka 1999. Tangu mwaka juzi dari la zege la sebuleni, upande ulio chini ya bafu la juu, lilianza kutoa mistari ya rangi ya kahawia. Mwezi uliopita kipande cha ukubwa wa sahani kilidondoka usiku kwenye kochi. Nondo zinaonekana, zina kutu, na ndani ya kipande kile nimeona makome madogomadogo. Balkoni inayotazama bahari nayo ina ufa mrefu kwa chini. Juu ya bafu kuna tangi la lita 2,000. Fundi wa kwanza anasema asugue nondo, azipake rangi ya mafuta, apige lipu yenye wotaprufu, siku mbili kazi imekwisha. Wa pili anasema slabu yote, yaani lile zege zima la sakafu ya juu, imeoza, ibomolewe. Jirani anasema nyumba zote za pwani ziko hivyo, tusihangaike. Tangu jengo lile la Kariakoo liporomoke Novemba 2024, mama hataki kukaa sebuleni. Nimwamini nani? Na naweza kutengeneza kidogokidogo kadiri hela inavyopatikana?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa mshtuko wa usiku ule.

Kabla ya mafundi na maneno yao: mama yuko sahihi. Kipande cha zege chenye upana wa sahani na unene wa sentimita mbili na nusu kina uzito wa karibu kilo tatu. Kikimpata mtu kichwani kutoka juu, hatutakuwa tena na mazungumzo ya ukarabati. Kwa hiyo leo, si wiki ijayo, ondoeni makochi upande ule, zuieni watoto wasipite, na tangi mlitoe maji. Lita 2,000 ni tani mbili, na tani mbili hazina sababu ya kukaa juu ya mahali ambapo hali yake hatujaijua. Mtateka kwa ndoo siku chache. Balkoni nayo msiitumie, wala msianike nguo pale, mpaka ikaguliwe.

Habari ya Kariakoo naomba tuiweke pembeni. Lile ni jengo jingine lenye mambo yake. Nyumba yenu inabidi tuisome yenyewe, na bahati nzuri imeshaanza kuongea.

Unauliza umwamini nani. Fundi wa kwanza ameona kidonda akataka kukifunika. Wa pili ameona kidonda akataka kukata mguu. Jirani yeye amezoea. Katika wote watatu sijasikia aliyeuliza kwa nini nondo zimeota kutu, na jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama utaziba mahali pawili au utamwaga slabu upya.

Tuanze na imani moja ambayo naisikia kila mahali, kwamba zege likishakauka ni jiwe, halipitishi kitu. Zege lina vinyweleo vingi mno ambavyo jicho halivioni. Maji tunayoyatia wakati wa kuchanganya huwa ni mengi kuliko yale saruji inayoyahitaji, na yale ya ziada yakitoka yanaacha vijia. Ndiyo maana zege la uji, lile ambalo mafundi wanalipenda kwa kuwa linatiririka lenyewe bila kusumbua mtu, ndilo linalokuja kupitisha kila kitu baadaye.

Kinacholinda nondo si ugumu wa zege, ni ukali wake. Saruji ikikomaa inaacha ndani hali ya alikali kali sana, pH (kipimo cha ukali huo) ya 12.5 mpaka 13, ile ile inayomla vidole saidia fundi anayeshika udongo wa saruji siku nzima bila glavu. Chuma kikikaa katika ukali huo hujivika utando mwembamba mno unaokizuia kushika kutu. Utando huo ukiwa mzima, nondo inaweza kukaa kwenye zege lenye unyevu miaka na miaka na ukiichimbua ukaikuta na rangi yake ya dukani.

Wako wezi wawili wanaouvunja utando huo.

Wa kwanza ni hewa ya kaboni dayoksaidi, hii tunayoitoa puani. Inapenya zegeni polepole kutoka nje na kuuzima ule ukali, hata pH ikashuka chini ya 9. Mwendo wake unapungua kadiri inavyozama: kama imeingia milimita 10 katika miaka mitano, kufika milimita 20 itaitaka miaka ishirini. Maana yake ni kwamba kava, yaani unene wa zege linaloifunika nondo, ukiuongeza mara mbili umeongeza muda wa kujilinda mara nne. Sasa kumbuka slabu nyingi za wakati ule zilivyosukwa. Nondo zinalazwa juu ya mbao, fundi anazichomekea kokoto mbilitatu zinyanyuke, watu wanapita juu yake na makarai ya zege, kokoto zinachomoka, nondo inarudi kulala kwenye mbao. Zege likifunguliwa lina kava ya milimita 8 au 10. Ndani ya nyumba kavu tungetaka walau 25, na kwa ninyi wa mita mia nne kutoka baharini ningetaka 40 au zaidi kwa sehemu za nje.

Mwizi wa pili ni chumvi, na huyu ndiye mbaya zaidi. Hahitaji kuuzima ukali wa zege. Anaupita, anakwenda kuutoboa utando mahali hapa na pale. Anaingia kwa njia mbili: upepo wa bahari unaotua kwenye kuta na balkoni miaka nenda rudi, au alikuwemo tangu siku ya kwanza kwa sababu mchanga au maji yalitoka baharini.

Hapo ndipo makome yako yanaponikaa kichwani. Makome ni dalili kwamba mchanga ulitoka ufukweni au kwenye ardhi iliyowahi kuwa chini ya bahari. Si ushahidi wa chumvi peke yake, maana mchanga wa namna hiyo ukinyeshewa miaka mingi chumvi hupungua. Ila swali linakuwa zito. Kiwango ambacho wahandisi wengi huanza kuogopa ni kloridi, ile sehemu ya chumvi inayotoboa utando, ya asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Kwa mfuko mmoja wa kilo 50 hiyo ni gramu 200 za kloridi, sawa na kama gramu 330 za chumvi ya mezani. Theluthi moja ya kilo! Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, kwa hiyo fundi akichanganya mfuko mmoja kwa lita 25 za maji ya bahari ametia zaidi ya gramu 800. Na usimsikilize anayekuambia mchanga ulimwagiwa ndoo kadhaa za maji ukatakata. Lundo la mchanga ukilimwagia maji juu, chumvi inashuka chini ya lundo, na koleo linakuja kuichota huko huko.

(Watu huniuliza, mbona majumba ya wazee wetu ya Mji Mkongwe na Lamu yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chumvi tupu, na yamesimama karne? Yamesimama kwa sababu ukutani mna mawe na chokaa, na juu mna boriti za mikoko. Chumvi haina cha kuozesha pale. Tulipotia chuma ndani ndipo tulipojipa kazi ya kukilinda.)

Utando ukishavunjika, kutu inahitaji vitu viwili tu, maji na oksijeni ya hewani. Bafu lenu linatoa maji, hewa iko. Na kutu inachukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya chuma ilichokula. Nondo inavimba mahali ambapo hapana nafasi ya kuvimba, inalisukuma zege, zege linapasuka kwa kufuata mstari wa nondo, halafu linameguka kwa bapa. Kwa hiyo ile mistari ya kahawia uliyoiona mwaka juzi ilikuwa nondo zenyewe zinajichora darini.

Sasa urudi kwa fundi wa kwanza. Rangi ya mafuta juu ya nondo inaifanya nondo iteleze, zege jipya halishiki. Nimeshaona hata oili chafu ya gari ikipakwa, kwa nia njema kabisa. Nondo na zege hufanya kazi pamoja kwa kushikana. Ukivunja mshiko huo umebakiwa na chuma kilicholala kwenye shimo. Na lipu ya wotaprufu upande wa chini inazuia nini, ikiwa maji yanatoka juu, bafuni? Yanashuka, yanakuta mlango umefungwa, yanakaa pale pale kwenye nondo. Miaka kadhaa nyuma niliitwa Tanga kwenye nyumba iliyotibiwa hivyo. Kwa macho dari lilikuwa safi kuliko langu. Nikapanda ngazi nikagonga kwa nyundo ndogo, likalia bwaa, kama dafu tupu, kutoka ukuta hadi ukuta. Tulipolipasua, lipu ilikuja chini na kava yote nyuma yake, na nondo za milimita 12 nyingine zilikuwa nyembamba kama kalamu ya risasi. Mwenye nyumba alikuwa amelala chini ya dari lile misimu miwili ya mvua akijua limepona.

Wembamba huo usiupuuze, hesabu yake ni kali kuliko jicho. Nondo ya milimita 12 ikiliwa milimita moja tu kila upande inabaki 10, na mtu atasema imepungua kidogo. Ukipiga hesabu ya eneo, imepoteza asilimia 30 ya nguvu yake.

Yapo mambo ambayo unaweza kuyafanya wewe na fundi mwaminifu kabla hujamlipa mhandisi, na mhandisi akija atakushukuru.

La kwanza ni kugonga. Chagua saa ambayo nyumba imetulia, redio imezimwa. Fundi avae kofia ngumu na miwani, asimame pembeni ya sehemu iliyolegea, si chini yake, na aanze kugonga kutoka upande mzima kwenda upande mbovu. Zege zima linalia kavu, ko, ko, na nyundo inaruka mkononi. Zege lililoachana na nondo linalia zito na nyundo hairuki. Kila linapobadilika sauti, weka alama kwa chaki, halafu unganisha alama. Mkimaliza mtaona ramani ya ugonjwa kwenye dari, na mara nyingi ni kubwa kuliko shimo lililo wazi. Pigeni picha. Gongeni na vyumba vingine, hasa vikavu ambavyo havina bafu juu wala havitazami bahari. Hilo ni muhimu kuliko yote. Chumba kikavu kikilia vizuri, tatizo lenu lina mipaka: bafu na upepo wa bahari. Chumba kikavu nacho kikilia bwaa, basi ama kava ni nyembamba nyumba nzima na ile hewa imeshafika, ama chumvi ilimwagwa na zege.

La pili ni bafu. Zibeni tundu la kutolea maji, jazeni maji sentimita mbili au tatu sakafuni, wekeni alama ya penseli ukutani, msiingie kwa saa 24. Fanyeni hivyo baada tu ya kuweka mihimili ya muda chini, nitaieleza hapo mbele. Maji yakipungua waziwazi au doa likakolea chini, mmeshampata mshirika wa kutu, na hakuna kiraka kitakachodumu kabla bafu halijatengenezwa.

La tatu ni kuzitambua nyufa, kwa sababu si kila ufa ni balaa. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye lipu ni za lipu yenyewe, ilikauka haraka. Hizo dawa yake ni rangi tu. Ufa ulionyooka kufuata nondo, wenye doa la kutu, ni huu wenu. Ufa unaokwenda mshazari kwenye bimu karibu na inapokalia nguzo au ukuta ni habari nyingine kabisa, huo usingoje hata kumaliza kusoma. Upana pimeni kwa vitu mlivyo navyo: karatasi moja ya kawaida ya kuchapia ina kama milimita 0.1, kwa hiyo tatu ni 0.3, upana ambao kwa kawaida tunauvumilia kwenye zege lenye nondo. Kadi ya benki ina 0.76. Ufa unaomeza kadi ya benki unahitaji mtu wa kuuangalia. Chora mstari wa penseli kukatisha ufa, andika tarehe na ncha zake zilipoishia, urudi baada ya mwezi. Ufa unaotembea na ufa uliolala hazitibiwi sawa.

Kisha vije vipimo ambavyo si vya nyumbani. Kile ninachokipenda kwa urahisi wake ni maji ya fenolfthaleini. Mtaalamu anamegua zege hapo hapo lipate uso mpya, anapuliza vumbi, ananyunyizia. Penye ukali uliobaki panageuka rangi ya zambarau iliyoiva kama juisi ya rozela, na palipozimwa na hewa panabaki kijivu. Mstari kati ya rangi hizo mbili ukiwa haujafika kwenye nondo, na bado nondo ina kutu, basi hewa haina hatia. Ni chumvi. Ndipo unatobolewa unga wa zege kwa tabaka, milimita chache za nje, za kati, za ndani, upelekwe maabara kupimwa kloridi. Chumvi ikiwa nyingi nje na kupungua kwa ndani, ililetwa na upepo. Ikiwa sawa kotekote, ilikuja na mchanga wa mzee, Mungu amrehemu, na hakufanya peke yake. Nusu ya pwani ilijenga hivyo.

Kipimo kimoja nikuonye: nyundo ile ya Schmidt inayopiga na kutoa namba. Ni kifaa kizuri, lakini zege lililozimwa na hewa huwa gumu zaidi usoni na namba zinapanda. Anayekuja na nyundo hiyo peke yake akasema zege lenu lina nguvu, hajagusa swali la kutu.

Njia zilizo mbele yenu zinategemea majibu hayo.

Kama ni hewa na maji ya bafu, furahini. Kutu ya aina hii hutapakaa sawasawa na hujitangaza kwa nyufa. Kiraka kilichofanywa vizuri, bafu likatengenezwa, dari likapakwa rangi inayopumua, kinaweza kudumu miaka mingi.

Kama ni chumvi ya upepo kwenye balkoni, balkoni itatengenezwa kwa upana zaidi, pengine kumwagwa upya, na ndani mkabaki salama. Kwa balkoni mimi huwa mwoga. Inabebwa na nondo za juu, si za chini. Ufa unaouona kwa chini unaweza kuwa mdogo huku nondo zinazoibeba zimeliwa juu, chini ya vigae, ambako maji hutuama. Hiyo lazima ifunuliwe juu na iangaliwe.

Kama chumvi imo kotekote, hapo ndipo ukweli unapouma. Kiraka kizuri mahali pabovu kinaweza kuamsha kutu pembeni yake. Kabla hujaziba, ile sehemu mbovu ilikuwa inajitoa sadaka: inaliwa yenyewe na kuilinda nondo jirani, kama betri. Ukiiponya, jirani anageuka kuwa sadaka, na baada ya miaka mitatu au minne unaona pete ya nyufa mpya kuzunguka kiraka. Fundi analaumiwa bure. Dawa yake ni kufunga vipande vya zinki kwenye nondo kandokando ya kiraka ili zinki iliwe badala ya chuma. Vinapatikana kwa kuagiza na vina umri wake. Kuna mifumo ya umeme inayolinda nondo zote, inatumika kwenye madaraja na gati. Kwa nyumba ya familia sioni hesabu yake ikikubali. Ikiwa nondo zimeshaliwa sana na chumvi imejaa, fundi wako wa pili atakuwa amesema kweli, ingawa alikisia. Slabu mpya chini ya maelekezo ya mhandisi itakuwa nafuu kuliko viraka vya miaka kumi. Lakini kubomoa slabu ya nyumba yenye kuta juu yake si kazi ya sululu na vijana wanne. Kuta zile zitabebwa na nini siku hiyo?

Sasa kiraka kinavyofanywa, ili ujue unachokilipia.

Kwanza mihimili ya muda. Jeki za chuma, au mirunda iliyonyooka yenye ubao mpana juu na chini, kila mita moja hivi, zimekazwa kiasi cha kushika, si kunyanyua slabu. Zinakaa mpaka kazi imekomaa.

Kingo za sehemu ya kuvunjwa zikatwe kwa grainda wima, kina cha kama milimita 10, pande zikiwa zimenyooka. Kiraka chenye kingo zilizokwisha kwa wembamba kama chapati hubanduka pembeni. Angalieni grainda isiguse nondo. Halafu tindo na nyundo, mpaka nyuma ya nondo. Hapa ndipo wengi wanaiba: wanavunja mpaka nondo ionekane nusu, wanasugua uso wake, wanaziba. Mgongo wa nondo unabaki na kutu na zege lenye chumvi. Kidole chako kipite nyuma ya nondo, milimita 20, na uvunjaji ufuate nondo mpaka ukute chuma kisafi, kisha uongeze sentimita tano. Simama pale uangalie kwa macho yako, tia kidole.

Nondo isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ing'ae. Penye chumvi ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, maana vishimo vidogo huficha kloridi. Iliyopungua sana iongezewe nondo mpya pembeni, ikipishana na chuma kizima kila upande; kwa kawaida tunapisha kama mara 40 ya kipenyo, yaani karibu sentimita 48 kwa nondo ya milimita 12, ila urefu kamili auamue mhandisi. Kama shimo halitoshi urefu huo, shimo lirefushwe.

Zege la zamani lilowanishwe tangu jana yake, lakini lisiwe na maji yanayong'aa wakati wa kuziba. Udongo bora ni ule wa viwandani uliotengenezwa kwa ukarabati wa zege. Ukikosekana, saruji moja kwa mchanga wa mto tatu, mchanga uliochekechwa, maji machache, na gundi ya saruji ya aina ya SBR. Usikandamizwe wote mara moja kwa juu; tabaka za sentimita mbili hivi, kila moja ikwaruzwe ipate meno. Msikubali dawa ya kuharakisha saruji yenye kalsiamu kloridi, hiyo ni kuirudisha chumvi kwa mlango wa mbele. Jipsamu nayo hapana. Kisha kumwagilia siku saba, au kufunika kwa magunia mabichi. Siku saba ndizo zinazokatwa kwanza fundi akiwa na haraka, na ndizo zinazoamua kama kiraka kitakuwa na nyufa zake mwenyewe.

Kwa hiyo siku mbili za fundi wa kwanza hazitoshi hata kwa magunia.

Kuhusu kidogokidogo: inawezekana, kwa mpangilio huu. Mihimili na tangi leo. Vipimo na mhandisi ndiyo hela ya kwanza, hata kama inauma kulipia maneno kabla ya kazi. Bafu ndiyo hela ya pili. Kisha viraka chumba kwa chumba, mihimili ikiwepo. Kisichowezekana ni kuvunja slabu nzima kwa wakati mmoja hela ikiwa ya robo, mkaiacha wazi mpaka mwakani.

Mhandisi awe wa majengo, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na usione haya kumwomba namba yake uihakiki. Muulize maswali mawili: kutu hii imeletwa na nini, na umejuaje. Anayekagua bure huku akiuza ndoo za wotaprufu atayajibu yote mawili kwa ndoo.

Yapo mambo yasiyosubiri miadi. Slabu ikianza kubonyea katikati, mlango uliokuwa unafunga vizuri ukakwama ghafla, mkasikia zege linapasuka usiku, au mkaona nguzo imemeguka na ringi zake, zile nondo nyembamba zinazozifunga nondo za nguzo pamoja, zimefunguka, tokeni nyumbani kwanza, mpige simu mkiwa nje. Slabu ikiumwa, chumba kimoja kiko hatarini. Nguzo ikiumwa, kila kilicho juu yake kinaumwa.

Na kile kipande chenye makome, kama bado kipo, msikitupe wala mtu asikioshe, maana maji yataondoa chumvi tunayoitafuta. Kifungeni kwenye mfuko mkavu wa plastiki, andikeni tarehe na mahali kilipodondokea, mkabidhini mhandisi atakapofika.